Kifaru kwenye Bereti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Royal Tank Regiment

Mezani kwangu Magomeni kuna kisanduku cha kioo chenye bereti nyeusi, beji ya chuma cheupe na utepe wa rangi tatu. Mgeni akiingia, jicho lake hutua hapo kabla hajakaribishwa kiti. Wapo wanaodhani mimi ni askari mstaafu. Hapana. Mimi naunganisha vifaru vya plastiki kwa gundi na wembe, na Jumamosi watoto wa mtaani huja kunisaidia kupaka rangi. Beji zilikuja baadaye, kwa sababu ukitaka kujua kifaru kipakwe rangi gani lazima ujue ni cha kikosi kipi, na ukishaingia kwenye habari za vikosi hutoki.

Maswali ni yale yale mwaka hadi mwaka. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake ili koo langu lipumzike.

Royal Tank Regiment ni nini hasa?

Ni rejimenti ya vifaru ya jeshi la Uingereza, na ndicho kikosi cha vifaru kikongwe kuliko vyote duniani, maana wao ndio walioingia vitani na vifaru kwa mara ya kwanza, mwaka 1916. Wakati huo hakikuwa hata na jina lake. Kilikuwa tawi la jeshi la bunduki za rashasha, Machine Gun Corps, kikaitwa Heavy Section, jina la kumzuga adui. Julai 1917 kikawa Tank Corps. Oktoba 1923 Mfalme George V akakiongezea neno Royal. Mwaka 1939 vikosi vya farasi vilivyokuwa vimeachana na farasi na kupewa magari ya deraya viliwekwa nacho chini ya mwavuli mmoja, Royal Armoured Corps, na hapo ndipo kikapata jina la sasa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilikuwa na batalioni nyingi. Baada ya vita zikaanza kuunganishwa mbili mbili, mpaka zilipobaki mbili tu, nazo zikawa moja Agosti 2014. Leo makao yake ni Tidworth, kusini mwa Uingereza, na vifaru vyake ni Challenger 2.

Kwa nini wao wanasema "tank" na sisi "kifaru"?

Jina lao ni uongo uliogeuka kuwa ukweli. Mitambo ya kwanza iliundwa katika kiwanda cha William Foster mjini Lincoln, kiwanda cha zana za kilimo. Wakubwa walikuwa wakiiita "meli za nchi kavu", na si ajabu, kwani kamati iliyosimamia kazi hiyo iliundwa Februari 1915 na Winston Churchill alipokuwa waziri wa jeshi la majini. Lakini jina hilo lingetoa siri nje. Mwishoni mwa 1915 ikaamuliwa kwamba anayeuliza aambiwe haya ni matangi ya maji. Kwa hiyo Mwingereza akitamka "tank", asili yake ni tangi lile lile lililo juu ya paa lako linalosubiri maji ya mgao.

Mswahili hakudanganya mtu. Aliona kitu chenye ngozi nene, kizito, kisichosikia la mtu, kinachokuja kichwa chini na wewe huna budi kupisha, akakiita kwa jina la mnyama anayemjua. Kwangu mimi jina letu limeshinda la wao. Na Waingereza wenyewe walikuja kufikia hapo hapo bila kutuuliza: Divisheni ya 1 ya Deraya, katika Vita Kuu ya Pili, ilichagua nembo ya mnyama kifaru, mweupe juu ya weusi, akiwa anashambulia. Watoto wakiona picha yake hucheka: kifaru juu ya kifaru!

Siku ya kwanza ya vifaru vitani ilikuwaje?

Ilikuwa ya fujo. Tarehe ni 15 Septemba 1916, mahali ni Flers na Courcelette, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Vifaru 49 vilitengwa kwa kazi hiyo, lakini vingine viliharibika au kukwama hata kabla ya kufika mstari wa kuanzia. Vilivyofika viliwatia Wajerumani kiwewe. Kimoja, kiitwacho Dinnaken, kilipita katikati ya kijiji cha Flers barabara kuu, na askari wa miguu wakikifuata nyuma kama watoto wanaofuata beni.

Mark I, ndivyo kilivyoitwa, kilikuwa na uzito wa tani 28 na mwendo usiofika kilomita 6 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka msikitini na hana haraka. Ndani walikaa watu 8 pamoja na injini. Sisemi injini ilikuwa chumba cha pili. Walikaa nayo chumba kimoja, moshi wake na joto lake. Kwa kelele zile hapakuwa na kusikilizana, hivyo dereva aligonga chuma kwa spana ili walio nyuma wajue anataka kukata kona. Aliyewahi kupanda daladala bovu mchana wa Februari, akasimama karibu na boneti, ana robo ya picha.

Siku kumi na moja tu kabla ya hapo, tarehe 4 Septemba 1916, mji huu wa Dar es Salaam ulikuwa umeingia mikononi mwa Waingereza. Vita ilikuwa moja.

Basi vifaru vilifika huku katika vita hiyo?

Havikufika. Yalikuja magari ya deraya, Rolls-Royce yaliyovishwa chuma, na yalipata tabu na vichaka, tope na mvua. Huku kwetu vita ilibebwa na vichwa vya watu. Risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilitembea juu ya wapagazi waliokusanywa, wengi kwa nguvu, katika kile Waingereza walichokiita Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi.

Kikosi hicho hakina beji kwenye kisanduku changu. Hakina bereti, hakina siku yake ya gwaride. Lakini tamka "Carrier Corps" haraka haraka kwa ulimi wa Mzaramo wa mwaka 1917, kisha panda mwendokasi, shuka kwenye soko lenye jina hilo. Nembo yake ni mtaa mzima, na siku ya Jumamosi hupati hata pa kukanyaga.

Beji ya kikosi inasomwaje?

Isome kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na aliyeivaa hahitaji kusema neno. Beji ni hivyo hivyo.

Katikati, yaani kwenye mji, kuna kifaru cha Mark I, kile kile cha 1916, umbo la almasi iliyolala, minyororo ikizunguka mwili mzima. Kukizunguka kuna shada la majani, alama ya ushindi tangu enzi za Warumi. Juu limekaa taji, kuonyesha ni kikosi cha ufalme. Chini kuna utepe, na kwenye utepe ndipo lilipo jina: Fear Naught. Ningelitafsiri "Usiogope Kitu". Maneno mawili, kama kanga ya mama mwenye nyumba aliyechoshwa na wapangaji.

Napenda kwamba hawajakibadilisha kifaru cha kati. Challenger 2 hakifanani na Mark I hata kidogo, na ingekuwa rahisi kila baada ya miaka thelathini kusema tuchore kipya. Hawakufanya hivyo. Anayeivaa leo anavaa babu yake. Kifaru hicho hicho, kimefumwa kwa nyuzi nyeupe, hukaa pia kwenye mkono wa kulia karibu na bega, na desturi hiyo ni ya tangu 1917.

Rangi tatu zina maana gani?

Kahawia, nyekundu, kijani. Hapa kisa ni kizuri kwa sababu maana ilikuja baada ya kitambaa.

Mwaka 1917 Jenerali Hugh Elles, mkuu wa vifaru, alitaka kikosi chake kipya kiwe na rangi zake. Vita imepamba moto, wapi utapata hariri ya kuchagua? Aliingia duka dogo kwenye mji wa Cassel, kaskazini mwa Ufaransa, akanunua zilizokuwepo. Ndizo hizo tatu. Basi ofisa wake mmoja, J. F. C. Fuller, mtu wa akili nyingi na maneno mengi, akazipa tafsiri: kutoka kwenye tope, kupitia damu, mpaka kwenye mashamba ya kijani ng'ambo ya pili. Ndiyo maana bendera yao hupeperushwa kijani kikiwa juu. Ukiigeuza umewarudisha topeni.

Kuna watu husikitika nikiwaambia hivyo, kana kwamba nimewavunjia uungu wa bendera. Mimi naona kinyume chake. Muulize mama yeyote wa Kariakoo kama kitambaa cha sare ya harusi kilichaguliwa kwa falsafa au kwa sababu ndicho kilichobaki dukani pisi za kutosha. Kisha muulize miaka kumi baadaye rangi ile ina maana gani kwake.

Bendera hiyo ilionekana vitani asubuhi ya 20 Novemba 1917 huko Cambrai, Ufaransa. Vifaru 476, pamoja na vya kubeba mizigo, viliondoka kwa pamoja kwenye ardhi kavu. Elles hakubaki nyuma kusubiri simu. Alipanda kifaru kiitwacho Hilda, bendera juu, akaenda mbele na vijana wake. Walipasua ngome za Wajerumani kwa kilomita kadhaa kwa siku moja, jambo ambalo hapo kabla lilichukua miezi na maiti zisizohesabika. Kengele za makanisa zikalia Uingereza. Siku kumi baadaye Wajerumani walirudi kwa kishindo na sehemu kubwa ya ardhi ile ikapotea tena, lakini kikosi huadhimisha 20 Novemba kila mwaka, wala hakiadhimishi 30.

Kwa nini bereti nyeusi?

Kwa sababu ya grisi. Kofia ngumu yenye ukingo haivaliki ndani ya kifaru. Ukiinamia darubini inagonga, ukiivua inaangukia kwenye injini. Elles na Fuller walivutiwa na bereti pana za askari wa milimani wa Ufaransa waliokuja kufanya mazoezi nao mwaka 1918. Wakaipunguza upana, wakaipaka rangi isiyoonyesha mafuta. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1924, na kwa miaka mingi hakuna kikosi kingine cha Uingereza kilichoivaa. Leo majeshi mengi duniani huwapa askari wao wa vifaru bereti nyeusi, na wengi hawajui walioanza ni nani.

Aliyeitangaza zaidi hata hakuwa wao. Ni Jenerali Montgomery, jangwani mwaka 1942. Alipewa bereti na askari wa kifaru, akaipenda, akaiwekea beji mbili kando kando: yake ya ujenerali na ya Royal Tank Regiment. Kwa sheria za mavazi ya jeshi ni kosa. Nani angemwambia?

Ile fimbo kwenye picha za maofisa ni ya nini?

Ni fimbo ya mti wa kawaida wa kwao, ndefu kama bakora. Kwenye tope la Ufaransa ofisa alitangulia mbele ya kifaru akichomachoma ardhi kupima kama itabeba tani 28, kama mvuvi anavyopima kina kwa upondo. Tope liliisha, fimbo ikabaki kuwa sehemu ya sare.

Kwa nini baadhi ya vifaru vyao vimechorwa macho?

Swali ninalolipenda kuliko yote. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tajiri mmoja wa Malaya mwenye asili ya Kichina, Eu Tong Sen, alitoa fedha za kununua kifaru kimoja. Kwa Wachina wa pwani, chombo kisicho na macho kitajuaje kinakokwenda? Kifaru hicho kikachorwa macho, kama jahazi. Desturi ikashikwa na batalioni ya 4, na batalioni zilipounganishwa ikapita pamoja nao, na macho yako mpaka leo.

Waliozaliwa pwani hawahitaji kuelezwa. Mitepe ya zamani ilikuwa na macho kwenye omo. Majahazi ya Lamu bado yanayo. Bahari yetu na ya Wachina ni moja kwa upande huo. Nilipochora jicho kwenye kifaru changu cha kwanza mzee mmoja jirani, mzaliwa wa Mafia, alikitazama kwa muda akasema, "Sawa, sasa hiki kinaweza kwenda."

Vifaru vina majina kama vyombo vya baharini?

Ndiyo, na vina kanuni. Mwanzoni batalioni hazikuwa na namba bali herufi, na kila kifaru kilipewa jina linaloanza na herufi ya batalioni yake. Hilda ni wa batalioni H. Dinnaken ni wa D. Mpaka sasa skwadroni za kikosi zina majina kwa mtindo huo: Ajax, Badger, Cyclops.

Katika majina yote, Deborah ndiye anayenigusa. Alikuwa kifaru namba D51, akapigwa Novemba 1917 kijijini Flesquières siku ile ya kwanza ya Cambrai; watano kati ya wanane waliokuwa ndani walikufa. Wenyeji wakasikia habari zake tu, kwamba kuna kitu cha chuma kimezikwa mahali. Novemba 1998 akachimbuliwa kutoka ardhini, mwili karibu mzima. Sasa ana nyumba yake ya makumbusho kijijini hapo hapo, iliyofunguliwa mwaka 2017, jirani na makaburi ya vijana wake.

Nitajuaje beji ni ya zamani au ya juzi?

Tazama taji. Zama za wafalme, hadi 1952, taji lina matao yaliyoinuka mviringo kama kuba la msikiti. Zama za Malkia Elizabeth II matao yamebonyea katikati, kama mto uliolaliwa. Mfalme Charles III amerudisha umbo la kuba. Kwa hiyo taji la kubonyea halitangulii 1952, na la kuba linaweza kuwa la babu au la juzi. Hapo ndipo wajanja wanapoishi.

Mimi mwenyewe nimeliwa. Niliagiza mtandaoni beji "ya Cambrai, 1917, asili kabisa", nikalipa fedha ambayo sitaitaja kwa sababu mke wangu husoma ninayoandika. Ikafika imeandikwa Fear Naught chini. Inang'aa kweli. Tatizo ni kwamba wito huo kikosi kilianza kuutumia mwaka 1923. Beji ya 1917 ilijuaje? Niliibakiza kisandukuni kwa makusudi, upande wa kushoto, nayo ndiyo huanza kusifiwa na wageni.

Kikosi hiki kiliwahi kupigana Afrika?

Sana, hasa kaskazini: Tobruk, El Alamein, majina ambayo leo yameandikwa kwenye bendera yake ya heshima. Lakini wengi hawajui kwamba kipande chake kilishuka mpaka huku kwetu upande wa juu. Skwadroni moja ya batalioni ya 4, ikiwa na vifaru vizito vya Matilda, ilikuwa Keren, Eritrea, Februari na Machi 1941, Waitaliano walipokuwa wakifukuzwa kutoka pembe ya Afrika.

Na kusini zaidi, kwenye kampeni hiyo hiyo, kuna kisa cha vifaru kinachoishia Dar es Salaam. Hilo ni swali linalofuata.

Kuna uhusiano gani kati ya vifaru na kambi ya Lugalo?

Kabla haijaitwa Lugalo, kambi ile ya barabara ya Bagamoyo iliitwa Colito. Jina hilo lilitoka Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941 batalioni ya kwanza ya rejimenti ya 6 ya King's African Rifles, askari wa Tanganyika, walikuwa Colito wanapambana na Waitaliano. Vifaru vya adui vikatokea nyuma yao. Hawakuwa na silaha ya kupigia kifaru. Sajenti mmoja, Nigel Leakey, mlowezi kutoka Kenya, alirukia juu ya kifaru, akafungua mfuniko kwa nguvu, akampiga kamanda na wenziwe kwa bastola, akambakiza dereva na kumlazimisha akiendeshe mpaka kwenye maficho. Akajaribu kukitumia, mzinga ukagoma. Akarudi tena pamoja na askari wachache wa Kiafrika kuviwinda vilivyobaki. Akarukia kingine, akafungua, na hapo kifaru kilichokuwa nyuma kikammiminia risasi. Alipewa Victoria Cross akiwa marehemu, ikatangazwa mwaka 1945. Waliokwenda naye kuwinda vifaru kwa miguu sina beji yao.

Kikosi hicho kilipogeuka kuwa Tanganyika Rifles wakati wa Uhuru mwaka 1961, jina la kambi lilibaki Colito. Kisha ikaja 20 Januari 1964. Askari waliasi humo wakidai mishahara na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur wakaizima kambi asubuhi moja. Mwalimu Nyerere akaivunja batalioni na kuanza upya. Septemba 1 mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Jeshi jipya likaipa kambi jina jipya, na jina hilo ni elimu ya nembo tupu. Lugalo ni mahali karibu na Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, aliyekuwa akiitwa Nyundo, wakakimaliza, naye akiwemo. Colito ni ushindi ambao askari wetu waliupata wakiwa chini ya bendera ya mwingine. Lugalo ni wa kwetu. Aliyekaa na kulichagua jina hilo alijua anafanya nini, hata kama leo wengi tukisikia Lugalo tunafikiria hospitali na foleni ya Mwenge.

Ni kweli mwandishi mmoja alihusika na vifaru na pia na Sanamu ya Askari?

Kweli. Rudyard Kipling alifika Bovington, kambi ya vifaru kusini mwa Uingereza, mwaka 1923. Akaona vifaru vya vita iliyopita vimetupwa vinaoza, akashauri vihifadhiwe. Makumbusho ya vifaru ya hapo, yenye Mark I pekee iliyobaki duniani, yanamtaja kama chanzo chao. Maneno ya ukumbusho kwenye Sanamu ya Askari hapa mjini, iliyozinduliwa 1927 pale ilipokuwa imesimama sanamu ya Mjerumani Wissmann, ni yake pia. Yameandikwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini na cha herufi za Kiarabu. Nenda Jumapili asubuhi, wakati hakuna magari mzungukoni, ukayasome kwa nafasi. Msimamo wa yule askari, singe yake ikiwa imeelekezwa bandarini, ulichongwa na James Stevenson, na kwa macho yangu ni kazi bora kuliko maandishi yaliyo chini yake.

JWTZ ina vifaru?

Inavyo. Katika vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, jeshi letu lilikuwa na vifaru vilivyotengenezwa China, na kule Lukaya Machi 1979 lilikabiliana na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin wakiwa na vya Kisovieti. Zaidi ya hayo niulize kuhusu Ngao ya Taifa, ile watu wanayoiita bibi na bwana, nitakueleza mpaka karafuu na pamba zilizo miguuni mwao. Mambo ya vikosi vya sasa waulize wenyewe.

Naweza kuvaa bereti yako nikapiga picha Coco Beach?

Hapana, na naomba usiniulize tena. Sheria za nchi haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2023 jeshi liliwapa wananchi siku saba kusalimisha walizonazo. "Lakini hii ni ya Uingereza" ni utetezi ambao sitaki kuusikia ukitolewa na mtu aliyeazima kofia kwangu. Picha ipige hapa, mezani, kioo kikiwa kimefungwa.

Mark I nikipake rangi gani?

Swali la Jumamosi. Vifaru vya kwanza havikuwa na rangi moja. Vilipakwa mabaka kwa mchoro wa Solomon J. Solomon, msanii wa picha za watu wakubwa aliyegeuzwa fundi wa kuficha vyuma: kijani, kahawia, na mistari myeusi ya kuvunja umbo. Baadaye, vilipozama kwenye tope la Somme na kutoka vyote vikiwa rangi moja, jeshi likaona hasara ya rangi ni ya nini, likapaka kahawia tupu. Kwa hiyo mtoto mwenye rangi nyingi na muda, apake mabaka. Mwenye kopo moja lililobaki la kahawia, naye yuko sahihi, ila aseme ni cha 1917.